Je, Wajua? Nduthi, Bima na Bahasha ya Kaki

Asubuhi ya ukungu pale Skuta, mjini Nyeri. Kijana ameketi juu ya pikipiki isiyo yake, mguu wa kulia umenyooshwa ndani ya plasta, magongo yake mawili yameegemea kibanda cha M-Pesa. Mapajani ana bahasha ya kaki. Ndani mna picha ya eksrei, risiti tatu za hospitali, karatasi ya duka la dawa ambayo maandishi yake yameanza kufifia, na kipande cha daftari chenye namba ya OB ya polisi iliyoandikwa kwa biro. Pikapu ilimgonga kwenye njia panda akitoka kumshusha abiria. Wenzake wa steji wamemzunguka, na kila mmoja ana sheria yake. Huyu anasema asiye na leseni hana kesi. Yule anasema upone kwanza, kesi haiozi. Wa tatu ana namba ya simu ya mtu anayejua wakili. Wote watatu wamekosea, ndiyo maana safu ya leo ni ndefu kuliko kawaida.

Je, wajua kwamba kesi huoza? Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, humpa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 tangu siku ya ajali. Miaka 3 huonekana mingi ukiwa kitandani. Toa miezi ya plasta, toa miezi ya kumngoja mwenye gari aliyeahidi kwamba "tutaelewana", toa msimu mmoja wa kahawa, na kilichobaki kinaisha ukitafuta nauli ya kwenda mjini.

Je, wajua kwamba gari lililokugonga likiwa la Serikali, muda huo hupungua hadi miezi 12? Ukisoma nambari ya gari na kuona kwamba ni la wizara, usikae.

Na je, wajua kwamba mtoto aliyegongwa akitoka shule saa yake haianzi kuhesabiwa hadi atimize miaka 18? Mzazi anaweza kushtaki kwa niaba yake kabla ya hapo, na ni bora afanye hivyo, kwa sababu mashahidi hawasubiri mtoto akue.

Sasa bima. Hapa ndipo waendeshaji wengi wa nduthi hushangaa. Je, wajua kwamba stika unayobandika kwa lazima haikulipi wewe? Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe uliyekata bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yule chombo chako kimemuumiza. Ukiteleza peke yako kwenye tope la barabara ya majani chai kule Othaya na kuvunjika mfupa wa bega, stika hiyo haina neno na wewe. Atakayekulipa ni kampuni uliyokata kwake bima ya ajali binafsi, kama ulikata. Lakini ukigongwa na pikapu, wewe ndiye mtu wa tatu wa pikapu, hata kama nduthi yako ilikuwa haina bima kabisa. Kutokuwa na bima ni kosa lako mbele ya hakimu wa trafiki. Uzembe wa dereva wa pikapu haufutiki kwa sababu hiyo.

Abiria je? Kwa kawaida Sura ya 405 haimlazimishi mwenye gari kumkatia bima abiria wake. Lakini anapobebwa kwa malipo, lazima bima imguse. Kwa hiyo mama aliyepanda bodaboda kutoka soko la Karatina na kapu la nyanya amelindwa, mradi mwenye pikipiki alikata bima ya kubeba abiria wa kulipa. Akikata ya matumizi binafsi ili aokoe shilingi chache, kampuni itakimbilia hapo kwanza siku ya ajali, na mama atabaki kumdai mtu ambaye mali yake yote ni ile pikipiki iliyopondeka.

Je, wajua kwamba kampuni ya bima ina kikomo? Mtu mmoja hawezi kulipwa na bima ya lazima zaidi ya shilingi milioni 3. Tufanye hesabu kama hakimu anavyoifanya. Mwendeshaji ameaga dunia, ana mke na watoto wawili. Tuseme alikuwa akibaki na shilingi 20,000 kwa mwezi baada ya mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki. Zidisha kwa miezi 12: 240,000. Hakimu anakadiria angefanya kazi miaka 20 zaidi: 4,800,000. Theluthi moja huhesabiwa kuwa matumizi yake mwenyewe, hivyo familia inapata theluthi mbili: 3,200,000. Kampuni inatoa milioni 3. Zile 200,000 zinazobaki anadaiwa mwenye gari mfukoni mwake, na hapo mnada wa ng'ombe na runinga huanza.

Katika kifo, je, wajua nani anaruhusiwa kula matunda ya hesabu hiyo? Sheria ya ajali za vifo, Sura ya 32, inataja mke, mume, mzazi na mtoto. Babu na nyanya wamo ndani ya neno mzazi, na mjukuu yumo ndani ya neno mtoto. Ndugu wa tumbo moja hawamo. Nimeona kaka aliyelipa gharama zote za mazishi akigundua jambo hilo kwenye baraza la mahakama, faili likiwa tayari mezani. Risiti za mazishi, lakini, zinadaiwa kama gharama, kwa hiyo asizitupe.

"Sina payslip," kijana wa bahasha ananiambia. "Mimi ni wa nduthi, mzee. Nani ataamini nilikuwa napata ngapi?" Je, wajua kwamba Mahakama ya Rufaa ilishalijibu swali hili mwaka 2005? Majaji walisema hati si njia pekee ya kuthibitisha mapato, maana Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka kumbukumbu yoyote. Siku hizi hata kumbukumbu zipo: taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 huonyesha hesabu ya kila jioni iliyotumwa kwa mwenye pikipiki, na mwenyekiti wa steji anaweza kusimama kizimbani. Usipoleta chochote, hakimu hurejea kima cha chini cha mshahara wa kibarua. Hapo unapoteza fedha kwa uvivu wa kuomba karatasi.

Gharama halisi ni jambo jingine. Dawa, eksrei, magongo, nauli ya kwenda kliniki Mathari au Tumutumu: zote lazima zitajwe katika hati ya madai moja moja, kisha zithibitishwe kwa risiti. Bila risiti, hakimu hana ruhusa ya kukuhurumia. Maumivu yenyewe hayahitaji risiti. Hayo hukadiriwa kwa kulinganisha na kesi za watu waliovunjika kama wewe.

Je, wajua tofauti ya abstrakti na P3? Watu huzichanganya kila siku. Abstrakti ya polisi ni muhtasari wa ajali: tarehe, mahali, nambari za vyombo, majina ya madereva, kampuni ya bima na namba ya bima. P3 ni fomu ya majeraha. Polisi huitoa, daktari huijaza, na fomu yenyewe hailipiwi. Abstrakti pekee haithibitishi kwamba fulani ndiye aliyekosea. Inathibitisha kwamba ajali ilitokea na nani walikuwepo. Aliyekosea huthibitishwa na wewe, shahidi wako, na afisa aliyechora ramani ya eneo.

Dereva aliyehusika katika ajali anatakiwa asimame, atoe jina na anwani, na kama hakufanya hivyo papo hapo, aripoti polisi ndani ya saa 24. Wewe mwendeshaji pia. Kituo kile kile kilicho karibu na mahali pa ajali, si kile cha nyumbani kwenu. Ajali ya Chaka ikiripotiwa Mukurwe-ini, utatembea mpaka viatu viishe.

Mwenye gari ni nani? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema ni yule ambaye jina lake limo kwenye usajili, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Rekodi hiyo hutolewa na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, kwa ada. Itafute mapema, kwa sababu magari ya huku hubadilisha mikono haraka kuliko logibuku zao, na dereva aliyekuachia namba ya simu huenda si mwenye gari wala hamjui vizuri aliyemwajiri.

Tumrudie yule wa kwanza pale steji. Je, wajua kwamba kukosa leseni si sawa na kukosa kesi? Mahakama Kuu imesema mara nyingi: kuendesha bila leseni ni kosa la trafiki, utatozwa faini yake, lakini pekee yake hakuonyeshi kwamba wewe ndiye uliyesababisha ajali. Swali ni nani aliingia upande wa nani.

Helmeti ni habari tofauti. Kanuni za NTSA za mwaka 2015 zinamtaka mwendeshaji awe na helmeti na jaketi la kung'aa, yake na ya abiria, na abiria awe mmoja. Mishikaki, yaani watatu kwa nduthi moja, imekatazwa. Ukiumia kichwa bila helmeti, wakili wa bima atadai kwamba sehemu ya jeraha umejiletea, na mahakama inaweza kukukata asilimia fulani ya fidia. Hii ndiyo maana ya uzembe wa kuchangia. Huko Marekani kila jimbo lina lake: Illinois, Iowa na New Hampshire hazina sheria ya helmeti kwa mtu mzima wa pikipiki, na jimbo jirani linaweza kukukamata kwa kichwa hicho hicho. Hapa kwetu sheria ni moja kutoka Nanyuki hadi Wang'uru. Bunge la kaunti haliwezi kuibadilisha.

Na ikiwa hakuna anayeweza kueleza nani alikosea? Wewe unasema pikapu, dereva anasema nduthi, shahidi hakuna. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2006 kwamba wawili wagawane lawama nusu kwa nusu. Fidia ya 600,000 inakuwa 300,000. Shahidi mmoja aliyesimama kando ya barabara akiuza mahindi ya kuchoma anaweza kuwa na thamani ya shilingi 300,000. Chukua namba yake.

Hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa steji hawapendi. Kuchoma gari lililomgonga mwenzenu ni uhalifu, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kwamba mnateketeza pia ushahidi wa mgonjwa wenu. Mkwaruzo kwenye bampa, rangi ya nduthi iliyobaki kwenye mlango, ripoti ya mkaguzi wa breki: vyote vinakuwa majivu. Majeruhi akipata fahamu, hana la kuonyesha isipokuwa mguu wake.

Dereva akishtakiwa kwa uendeshaji hatari na kupatikana na hatia, je, wajua kwamba hukumu hiyo unaweza kuibeba hadi kesi yako ya madai? Sheria ya ushahidi inasema hatia iliyokwisha kuthibitishwa, rufaa ikiwa imekwisha au muda wake umepita, ni ushahidi wa mwisho kwamba kosa lilitendeka. Fuatilia kesi ya trafiki. Usipojitokeza kutoa ushahidi, itatupwa, na wewe utaanza upya.

Mahakama zenyewe haziko mbali. Nyeri, Karatina, Othaya, Mukurwe-ini, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Meru, Chuka: kote kuna mahakimu. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai hadi milioni 20, hakimu mkazi hadi milioni 5. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na inayopatikana hata Nyeri, husikiliza madai yasiyozidi milioni 1 na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Sheria yake inataja fidia ya majeraha ya mwili, lakini majaji wa Mahakama Kuu hawajasema kwa sauti moja kama ajali za barabarani zimo. Uliza kabla ya kulipa ada.

Jina moja la huku kwetu utalisikia katika kila rufaa ya ajali nchini: Kemfro. Hiyo ndiyo kampuni iliyoendesha mabasi ya Meru Express, na kesi yake ya miaka ya 1980 iliwekea nchi nzima kipimo cha rufaa. Mahakama inayosikiliza rufaa haigusi kiwango cha fidia ila hakimu awe alitazama jambo lisilohusika, aliacha linalohusika, au alitoa kidogo mno au kingi mno hata hesabu ikaonekana haina kichwa. Mawakili hulitaja jina hilo hata Mombasa, na sidhani wote wanajua lilikuwa basi la kwenda Meru.

Sasa yule mwenye namba ya simu. Je, wajua kwamba dalali wa kesi anavunja sheria? Kumsakia wakili wateja wodini ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Na mapatano kwamba wakili atalipwa asilimia fulani ya fidia, au hatalipwa kabisa mkishindwa, hayatambuliwi na sheria hiyo hiyo. Ukiambiwa "theluthi yetu, theluthi yako, theluthi ya hospitali", ujue unauzwa. Malipo ya wakili hufuata kanuni za malipo ya mawakili. Cheti chake cha mwaka hutazamwa kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria, na fedha za fidia akizikalia, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Asiye na kitu anaweza kuomba kushtaki kama maskini bila ada ya mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Kampuni ya bima lazima ijulishwe kwa maandishi kwamba kesi inafunguliwa, kabla au siku chache tu baada ya kufunguliwa. Barua hiyo ni ndogo kama kitambaa cha mkono, lakini ikikosekana kampuni inaweza kukataa kulipa hukumu uliyoshinda. Ikijulishwa na bado ikakataa, unaishtaki yenyewe kwa kesi ya tamko.

Na ikifilisika? Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima hulipa, lakini si zaidi ya shilingi 250,000 kwa dai. Dereva akikimbia asijulikane, Kenya haina mfuko wa kukulipa. Rwanda inao, na Afrika Kusini hukata sehemu ya kila lita ya petroli kwa ajili hiyo. Sisi petroli yetu pia hukatwa, lakini fedha hiyo huenda kwenye lami. Lami yenyewe ni nzuri, siikatai: kutoka Kenol hadi Marua sasa magari yanapaa. Yanapaa mbele ya steji zetu.

Anayeendesha kwa mshahara, wa kupeleka vifurushi au maziwa ya kiwanda, ana mlango mwingine. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya 2007, humlipa hata kama hakuna aliyekosea. Ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Anayepeleka hesabu jioni kwa mwenye pikipiki kwa kawaida hahesabiwi kuwa mwajiriwa, na hapo ndipo wengi huanguka.

Hospitalini, Katiba, ibara ya 43, inasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini ya hadi milioni 3 kwa kituo chenye uwezo kinachokataa. Mahakama Kuu nayo ilisema mwaka 2015 kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba.

Mwisho, mtu wa bima akikujia wodini na matunda na karatasi, kula matunda. Ile karatasi ikisema umepokea malipo kamili na ya mwisho, sahihi yako inafunga mlango, hata kama baadaye daktari atasema chuma kilichomo mguuni kitolewe kwa upasuaji mwingine wa laki mbili.

Kijana wa Skuta amenisikiliza muda wote akiikunja na kuikunjua bahasha. "Ni mwezi wa ngapi huu?" anauliza. Wa saba tangu agongwe. Namwomba ile karatasi ya duka la dawa. Risiti hizi za mashine huchapwa kwa joto, hazina wino, na jua la saa nane likizipiga zinabaki nyeupe. Bei imekwisha kufutika, jina la dawa bado linasomeka nusu. Anaitandaza juu ya tangi la nduthi, anatoa simu, anapiga picha. Kisha anachomoa ile nyingine.